Neil Warnock: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu winga wa madaraja ya chini aliyekuja kupanda daraja mara nane

Kila Middlesbrough au Sheffield United wakitajwa, au ligi ya Championship ikifika mwezi wa nne na presha imepanda, kuna mtu lazima aulize kuhusu huyu mzee, na maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, ya mwanzo ni kwa asiyemjua kabisa, ya mwisho ni kwa wale wabishi wa rekodi.

## Mambo ya msingi

Neil Warnock ni nani hasa?

Ni Mwingereza, kazaliwa Sheffield tarehe 1 Desemba 1948, akacheza mpira madaraja ya chini kama winga mpaka alipofika miaka 30, halafu akawa kocha kwa zaidi ya miaka 40. Anajulikana kwa mambo mawili makubwa. Kwanza amepanda daraja mara 8 akiwa kocha, hiyo ni rekodi ya England. Pili ndiye aliyempita kocha Dario Gradi, aliyeshika rekodi kabla yake, kwa idadi ya mechi za kiushindani alizosimamia kwenye mpira wa kulipwa England. Mzee hajawahi kuchukua Kombe la FA wala kukaa kwenye benchi la Manchester United au Arsenal, na bado ukiulizia makocha pale England hakuna asiyemjua.

Mimi nafuatilia EPL tu, mbona simjui vizuri?

Kwa sababu EPL, yaani Premier League ya England, hakukaa. Alifika huko na Sheffield United, QPR (Queens Park Rangers), Crystal Palace na Cardiff, na kote hakudumu (sababu ziko kwenye swali la "Kwa nini hakuwahi kubaki EPL?" huko chini). Kazi yake kubwa ilikuwa chini, na kiukweli ukimpima kwa EPL peke yake utakuwa umemwonea, maana ni sawa na kumpima mkunga kwa watoto walivyofaulu chuo kikuu.

Madaraja ya England yanaendaje? Nachanganyikiwa na majina

Juu kuna Premier League yenye timu 20, chini yake Championship timu 24, halafu League One 24 na League Two 24. Jumla 92. Chini ya hapo kuna ligi za timu ambazo wachezaji wengi wana kazi nyingine za kuwaingizia kipato, ya juu yao zamani ilikuwa inaitwa Conference, leo ni National League.

Majina ndo yanachanganya, maana kabla ya 1992 daraja la juu kabisa lilikuwa First Division na yakashuka mpaka Fourth Division, ilipokuja Premier League kila moja likasogezwa namba, halafu 2004 wakabadilisha tena ndo tukapata hili jina la Championship. Kwa hiyo ukisoma kwamba Warnock alipandisha timu kutoka "Second Division" angalia kwanza ni mwaka gani. Hapa nitakuwa nasema daraja la kwanza, la pili, la tatu na la nne nikihesabu kutoka juu. Na Championship ninayoitaja ni ya England, sio ya kwetu ya TFF.

Kingine cha kujua ni mchujo. Kwenye Championship timu mbili za juu zinapanda moja kwa moja, halafu ya 3 mpaka ya 6 zinacheza nusu fainali na fainali kugombea nafasi moja iliyobaki. Hii ilianza 1987, na kuanzia 1990 fainali ikawa mechi moja uwanja wa Wembley. Itatusaidia mbele.

## Enzi za kucheza

Alichezea timu gani?

Kwa mpangilio: Chesterfield, Rotherham United, Hartlepool, Scunthorpe United, Aldershot, Barnsley, York City na Crewe Alexandra. Hizo zote kati ya 1967 na 1979, na zote alizikuta zikiwa daraja la tatu au la nne. Mechi za ligi 327, magoli 36.

Angalia hiyo orodha vizuri. Timu nane ndani ya miaka kama 12, maana yake ni mchezaji ambaye kila baada ya msimu mmoja au miwili anafunga mabegi, anahamia mji mwingine, anajitambulisha upya kwenye chumba cha kubadilishia nguo ambako hakuna anayemjua. Wengi wanaipita hiyo orodha haraka waende kwenye ukocha, mimi naona ukocha wote umetoka hapo. Alishakaa benchi, alishaachwa, alishaambiwa mkataba hauendelei. Alipokuja kuwa kocha na mbele yake yuko beki wa miaka 31 aliyetemwa na timu tatu, alikuwa anajua huyo mtu amelalaje usiku.

Alikuwa mzuri?

Alikuwa winga wa kawaida wa daraja lake, mwenye mbio. Asingeweza kucheza daraja la kwanza na hakuwahi kucheza huko.

Ni kweli alikuwa anatibu miguu ya watu?

Kweli kabisa. Alisomea kutibu miguu, yaani sugu, kucha zilizoota vibaya, vidonda vya nyayo, mambo hayo, akapata cheti na akawa anafanya hiyo kazi huku anafundisha timu ndogo. Lazima uelewe kwamba mchezaji wa daraja la nne miaka ya 70 hakuwa na hela ya kustaafu nayo. Ukifika miaka 30 mpira umeisha na una maisha yote mbele yako, unatafuta kazi. Yeye mchana alikuwa anashika miguu ya wazee, jioni anaenda mazoezini na wachezaji ambao nao wametoka kazini.

Familia yake yenyewe ilikuwa ya kawaida, mji wa Sheffield wa viwanda vya chuma, na mama yake aliugua kwa muda mrefu ugonjwa wa neva unaoitwa MS akafariki Neil akiwa bado kijana mdogo. Na toka utotoni timu yake ilikuwa moja, Sheffield United. Shika hilo, litarudi.

## Alivyoanza ukocha

Alianzia wapi?

Gainsborough Trinity, halafu Burton Albion kuanzia 1981 mpaka 1986. Burton ya wakati huo sio hii mnayoiona kwenye ligi, ilikuwa timu ya nje kabisa ya madaraja manne. Huko kocha ndiye kila kitu, unatafuta wachezaji mwenyewe, unabembeleza bosi wa mchezaji amruhusu atoke kazini mapema mechi ikiwa ya katikati ya wiki.

Ile mechi ya Burton na Leicester iliyorudiwa bila mashabiki ilikuwaje?

Januari 1985, raundi ya tatu ya Kombe la FA. Burton wakapangwa na Leicester City waliokuwa daraja la kwanza, mechi ikahamishiwa uwanja wa Derby County, Baseball Ground, kwa sababu wa Burton ni mdogo. Wakapigwa 6-1. Ila katikati ya mchezo kipa wa Burton, Paul Evans, alirushiwa kitu kutoka jukwaani kikampiga kichwani, na baada ya pale hakuwa sawa tena. FA, chama cha mpira England, wakaamua mechi irudiwe, milango imefungwa, uwanja wa Coventry, mashabiki hamna. Safari hii Leicester wakashinda 1-0 tu.

Timu ya watu wenye kazi zao za mchana imetoka 6-1 ikaja 1-0 na timu ya daraja la kwanza. Hata kama walitolewa, jina la kocha wao lilianza kutajwa.

Kwa nini Scarborough 1987 inasemwa ni historia?

Kwa sababu kabla ya hapo mlango ulikuwa umefungwa. Ulikuwa ukichukua ubingwa wa ligi za chini hupandi moja kwa moja kuingia daraja la nne, mnasubiri klabu za ligi zipige kura kama zinawataka, na mara nyingi zilikuwa zinapigia kura wenzao walioko ndani hata kama wameshika mkia. Msimu wa 1986/87 ndo wa kwanza bingwa wa Conference kupanda bila kuomba mtu, na bingwa huyo akawa Scarborough ya Warnock, timu ya mji mdogo wa pwani ambayo hakuna aliyeipa nafasi mwanzo wa msimu. Aliyeshuka kuwapisha alikuwa Lincoln City.

Kila timu ndogo uliyoiona ikipanda kutoka huko nje baadae imepita kwenye mlango ambao Scarborough walikuwa wa kwanza kuupita. Kwangu hii ndo kazi yake yenye uzito kuliko zote, zaidi hata ya kuipeleka Cardiff EPL.

## Kupanda daraja

Mara nane ni zipi?

1987 Scarborough, 1990 Notts County, 1991 Notts County tena, 1995 Huddersfield Town, 1996 Plymouth Argyle, 2006 Sheffield United, 2011 QPR, 2018 Cardiff City. Nne kati ya hizo, za 1990, 1991, 1995 na 1996, alipita kwenye mchujo, fainali zote nne Wembley na zote akashinda. Nne zingine alipanda moja kwa moja.

Notts County alifanyaje mara mbili mfululizo?

Alifika Januari 1989 timu iko daraja la tatu na inayumba. 1990 wakamaliza ndani ya mchujo wakawafunga Tranmere 2-0 Wembley, ndo ule mwaka wa kwanza fainali kuchezwa pale. Mwaka uliofuata wako daraja la pili, wakaingia mchujo tena, fainali wakawapiga Brighton 3-1, wakajikuta daraja la kwanza pamoja na Liverpool na Arsenal. Alikuwa na vijana waliokulia pale pale kama Mark Draper na Tommy Johnson, amewachanganya na wakongwe.

Huko juu wakashuka baada ya msimu mmoja, 1992, na hapo ndo inauma kidogo maana ulikuwa msimu wa mwisho kabla Premier League haijaanza, wameachwa stendi basi la hela linaondoka. Januari 1993 akafukuzwa. Mwenyewe amewahi kusimulia kwamba Chelsea walimtaka akiwa Notts County akakataa kwa sababu ya wachezaji wake, na kwamba angeondoka maisha yake yangekuwa mengine.

Huddersfield na Plymouth vipi?

Huddersfield alipanda 1995 kwa kuwafunga Bristol Rovers 2-1, msimu wa kwanza kwenye uwanja wao mpya, akaachia ngazi muda mfupi baadae. Akaenda Plymouth daraja la nne, ndani ya msimu mmoja akawa Wembley tena, 1-0 dhidi ya Darlington, goli la Ronnie Mauge. Miezi kumi na mbili, timu mbili, Wembley mbili. Baada ya hapo akapita Oldham na Bury ambako mambo hayakuwa mazuri.

Siri yake ni nini? Mbinu?

Watu wanataka kusikia mfumo fulani, 4-3-3 ya aina gani, ila sio hapo. Timu zake zilikuwa za moja kwa moja, mabeki warefu wasiocheza na hatari, winga wa kukimbia, kona na faulo zinafanyiwa kazi mpaka zinazaa. Hilo kila mtu alikuwa analijua na bado walikuwa wanafungwa.

Nguvu yake ilikuwa kwenye watu. Alikuwa na wasaidizi wale wale anaohama nao, Mick Jones kwa miaka mingi, Kevin Blackwell, Ronnie Jepson, kwa hiyo akifika klabu mpya siku ya kwanza benchi zima tayari linaelewana. Halafu alikuwa anasajili tabia kwanza. Anamchukua mchezaji ambaye wengine wamemchoka, anampigia simu mwenyewe, anamwambia wewe kwangu unacheza, na huyo mchezaji anakuja kumpigania kama ndugu yake. Championship ina mechi 46 ukiacha makombe, jumamosi, jumanne, jumamosi, mvua na baridi, timu yenye vipaji lakini chumbani kuna makundi haifiki mwezi wa tano.

Ukisikiliza wachezaji wake wa zamani wakihojiwa utaona hata waliogombana nae wanamzungumzia vizuri, na mimi nadhani ni kwa sababu ya ile orodha ya timu nane alizochezea.

Habari ya Adel Taarabt na kufundishwa kukaba ni kweli?

Ni kweli alimpa Taarabt uhuru ambao hakuna mwingine aliupata. QPR msimu wa 2010/11 alimfanya nahodha kabisa, mchezaji ambaye wengi walikuwa wanasema ana kipaji ila hafai, na Warnock amesimulia kwamba aliwakataza wenzake kumpa mpira Taarabt akiwa nusu ya uwanja wao, maana akipoteza kule ni goli, apewe mbele tu, na wengine wamkabie. Taarabt akafunga magoli 19 ya ligi na QPR wakawa mabingwa wa Championship kwa pointi 88. Kwa hiyo kukaba hakumfundisha, alipanga timu nzima ili asihitaji kukaba. Kocha wa "mipira mirefu" huyo huyo.

QPR si walikuwa wanyang'anywe pointi?

Kulikuwa na kesi ya usajili wa Alejandro Faurlín, umiliki wa mtu wa tatu, yaani haki za mchezaji kushikwa na mtu wa nje ya klabu, na hukumu ikatoka tarehe 7 Mei 2011, asubuhi ya mechi ya mwisho ya msimu. Wakapigwa faini ya pauni 875,000, pointi hazikuguswa. Wachezaji waliingia uwanjani wakiwa ndo wamejua kwamba ubingwa ni wao.

## Sheffield United

Kweli alifundisha timu aliyoipenda toka mtoto?

Ndiyo, kuanzia Desemba 1999 mpaka Mei 2007, miaka saba na nusu, muda mrefu kuliko klabu nyingine yoyote aliyofundisha. Ni watu wachache sana duniani wanapata hiyo.

Msimu wa 2002/03 kwa nini mashabiki wao wanauzungumzia hivyo?

Walifika nusu fainali ya Kombe la Ligi wakatolewa na Liverpool, nusu fainali ya Kombe la FA wakatolewa na Arsenal 1-0 Old Trafford (ule mchezo kipa wa Arsenal David Seaman aliopangua kichwa cha Paul Peschisolido mpira ukiwa kama umeshaingia, katafute hiyo video), halafu fainali ya mchujo, iliyochezwa mjini Cardiff, wakapigwa 3-0 na Wolves. Msimu mmoja, milango mitatu, yote ikafungwa mbele yao, na walikuwa timu ya daraja la pili.

Ile mechi iliyovunjika kwa sababu wachezaji waliisha?

Tarehe 16 Machi 2002, Bramall Lane, uwanja wa Sheffield United, West Brom wanaongoza 3-0. Kipa wa Sheffield United, Simon Tracey, kadi nyekundu mapema. Baadae Warnock akawaingiza Georges Santos na Patrick Suffo, na wote wawili wakapewa nyekundu kwenye tukio moja, Santos akiwa ndo kwanza ameingia, kwa rafu mbaya kwa Andy Johnson wa West Brom, mtu ambaye aliwahi kumvunja mfupa wa uso. Wamebaki nane. Michael Brown akatoka ameumia, akafuata Rob Ullathorne, na nafasi za kubadilisha zimeisha. Wakabaki sita. Sheria inataka wasiopungua saba, refa Eddie Wolstenholme akamaliza mpira dakika ya 82.

Swali ambalo watu wanaulizaga ni kama Warnock aliwaagiza watoke. Kocha wa West Brom, Gary Megson, alikasirika sana siku ile na hakuficha, Warnock amekataa siku zote. Matokeo yalibaki 3-0, mechi haikurudiwa.

Tevez aliwashushaje Sheffield United?

Hii ndo inayoulizwa kuliko zote. Sheffield United walipanda 2006. Msimu wao wa EPL, Aprili 2007, West Ham wakakutwa na hatia kwenye usajili wa Carlos Tevez na Javier Mascherano, kulikuwa na makubaliano na watu wa nje ambayo ligi haikuambiwa, wakapigwa faini ya pauni milioni 5.5 ila hawakukatwa pointi, na Tevez akaruhusiwa kuendelea kucheza.

Siku ya mwisho West Ham wakaenda Old Trafford kwa Manchester United wakashinda 1-0, mfungaji Tevez. Huku Bramall Lane, Sheffield United walikuwa wanahitaji sare tu na Wigan, wakafungwa 2-1. Goli la pili la Wigan lilikuwa penalti, Phil Jagielka kaunawa mpira, mpigaji David Unsworth ambaye msimu huo huo alianza akiwa mchezaji wa Sheffield United na akakosa penalti akiwa nao. Wigan na Sheffield United wakamaliza na pointi 38 kila mmoja, wakatenganishwa na goli moja tu la tofauti ya mabao.

Kwa hiyo jibu la kweli lina pande mbili. Sare tu na Wigan ingewaokoa na kesi yote ya Tevez isingewahusu. Lakini pia kama West Ham wangekatwa hata pointi nne wangeshuka wao, maana walimaliza na 41. Warnock aliondoka siku chache baadae, na klabu hizo mbili zikaja kumalizana kwa fidia mwaka 2009. Ukimsikia mpaka leo akilizungumzia utajua halijapona, na mimi simlaumu, hiyo ilikuwa timu ya utoto wake.

Jagielka kweli aliwahi kudaka?

Ndiyo. Desemba 2006 dhidi ya Arsenal, kipa Paddy Kenny akaumia, na Warnock alikuwa na kawaida ya kutoweka kipa wa akiba kwenye benchi, aliona ni bora nafasi hiyo akae mchezaji wa ndani. Jagielka beki akavaa gloves kipindi cha pili, wakashinda 1-0.

## EPL na maneno ya watu

Kwa nini hakuwahi kubaki EPL?

Sababu haziko sawa kila mahali. Sheffield United alishuka kwa goli moja kama nilivyoeleza juu. QPR alipandisha 2011, klabu ikapata mmiliki mpya Tony Fernandes msimu ukiwa umeshaanza, na Januari 2012 wakamtoa wakamleta Mark Hughes. Palace 2014 alikuta kocha Tony Pulis kaondoka siku mbili kabla ya ligi kuanza, akafukuzwa Desemba 27, hiyo ilikuwa kweli haikwenda. Cardiff 2018/19 walishuka na pointi 34, kikosi kikiwa karibu kile kile cha Championship.

Kuna ukweli pia kwamba wachezaji aliokuwa anawaweza yeye na pesa za huko juu ni vitu viwili tofauti. Sioni aibu kwenye hilo.

Cardiff kulitokea nini na Emiliano Sala?

Januari 2019 Cardiff walimsajili Sala kutoka Nantes kwa pauni milioni 15, rekodi ya klabu. Tarehe 21 Januari ndege ndogo aliyopanda ikapotea kwenye mlango bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, na mwili wake ukapatikana wiki mbili na kidogo baadae. Warnock alikuwa ndo amemshawishi aje. Alisema wazi kwamba alifikiria kuacha kazi, na alikwenda Argentina kwenye mazishi. Wanaofanya utani na kushuka kwa Cardiff msimu ule wakumbuke kwamba hicho chumba cha wachezaji kilikuwa msibani.

Mbona alikuwa anagombana sana na marefa?

Alikuwa na mdomo, hilo halina ubishi, na kwa umri wangu wa kuangalia mpira naona mara nyingine alivuka mpaka. Orodha ya makocha waliokosana nae ni ndefu pia, Megson mmoja wao.

## Maswali ya wabishi

Rekodi ya mechi inahesabiwaje, mbona kuna namba tofauti?

Gradi alikuwa na 1,601, nyingi akiwa Crewe. Warnock alimpita Novemba 2021 akiwa Middlesbrough, sare ya 1-1 ugenini West Brom, na siku hiyo hiyo ikatangazwa anaondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Chris Wilder, mtu mwingine wa Sheffield United. Baada ya hapo akaongeza mechi Huddersfield, ndo maana ukikuta namba kubwa zaidi usishangae. Mechi za Burton na Gainsborough kwa kawaida haziingii kwenye hesabu hii, wala za Aberdeen maana hiyo ni Scotland.

Alistaafu mara ngapi?

Rasmi alitangaza Aprili 2022. Februari 2023 akarudi Huddersfield akiwa na miaka 74, timu iko kwenye hatari ya kushuka, akaibakisha. Septemba akaondoka. Februari 2024 akaenda Aberdeen kwa muda, akakaa siku 33, akaondoka mara tu baada ya kuwafunga Kilmarnock 3-1 robo fainali ya Kombe la Scotland. Mwaka huo huo Torquay wakamchukua kama mshauri.

Kuokoa timu zisishuke kunahesabika wapi?

Hakuna kombe la hilo, ila ndo kazi aliyoitiwa sana uzeeni. Torquay 1993 walikuwa wanaelekea kutoka kabisa kwenye madaraja manne, wakabaki. Rotherham 2016 aliingia Februari, wakaenda mechi 11 bila kufungwa, wakabaki. Middlesbrough 2020 alipewa mechi nane za mwisho, wakabaki. Huddersfield nimeshataja. Kushuka daraja kule kunamaanisha wahudumu wa uwanja, wapishi na watu wa tiketi wanapoteza kazi, kwa hiyo mimi nazihesabu.

Aliwatelekeza Crystal Palace 2010?

Januari 2010 klabu ilifilisika ikawekwa chini ya wasimamizi, wakakatwa pointi 10, na Machi akaenda QPR kwa makubaliano. Mashabiki wengine wa Palace wanaona aliwaacha kwenye shida, wengine wanakumbuka kwamba ndiye aliyewapa nafasi watoto kama Victor Moses na Nathaniel Clyne, na pia John Bostock aliyeingia na miaka 15. Palace wakabaki Championship siku ya mwisho chini ya Paul Hart. Miaka minne baadae walimwita tena Warnock wenyewe.

Kuna timu aliyoichezea na kuifundisha pia?

Rotherham, alicheza 1969 mpaka 1971 akarudi kama kocha 2016, miaka 45 imepita katikati.